Mjumbe asiye na watu nyuma yake ni sahihi tu

UKIPITA Gahanga saa kumi na mbili asubuhi, katika barabara itokayo Kicukiro kwenda Nyamata, utawakuta vijana wamesimama vikundi vikundi kando ya lami. Huyu ana koleo, yule ana mwiko ndani ya mfuko, mwingine hana kitu ila mikono yake. Wanasubiri gari la mkandarasi. Likisimama, msimamizi hutoa kichwa dirishani na kuhesabu kwa kidole: wewe, wewe na wewe. Siku imeanza. Hakuna anayeulizwa jina, na hakuna anayeuliza malipo yatatoka lini.

Gahanga inajengwa. Pale palipokuwa na mashamba ya mihogo na maharage leo kuna nyumba za kisasa, kuna uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017, na ukiendelea mbele ukavuka mto unafika Bugesera, unakojengwa uwanja mpya wa ndege. Haya ni maendeleo na mimi nayafurahia. Lakini kila tofali lina mtu aliyelibeba, na huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Mtoto wa dada yangu alifanya kazi wiki tatu katika nyumba moja ya hapa. Siku ya malipo fundi aliyewachukua akazima simu. Kijana akaja kwangu jioni. "Mjomba, wewe umesoma, tuandikie barua." Nikamuuliza, barua tuipeleke kwa nani? Mkataba uko wapi? Hakuwa na mkataba. Mlikuwa wangapi? "Tulikuwa kumi na wanne." Je, mmekutana mkazungumza? "Hapana, mjomba. Kila mtu alikwenda kutafuta kazi nyingine."

Jibu hilo la mwisho limenikaa moyoni kuliko habari ya fedha zenyewe. Watu kumi na wanne wamedhulumiwa siku moja, na mtu mmoja, na kila mmoja akaondoka na dhuluma yake mfukoni kama vile ni siri. Wala sikuwa na haki ya kumkaripia, maana nami nimewahi kufanya vibaya zaidi, tena nikiwa na cheo.

Mwaka 2020 nilikuwa nafundisha katika shule moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Nilikuwa mjumbe wa wafanyakazi, wale tunaowaita kwa Kinyarwanda intumwa z'abakozi. Nasema nilichaguliwa, lakini ukweli ni kwamba mwisho wa kikao kimoja tuliambiwa linatakiwa jina la kuandikwa, mwenzetu mmoja akasema mwalimu wa Kiswahili anajua kusema, wote wakapiga makofi, tukaenda kunywa chai. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, tukaambiwa mikataba imesimamishwa na mishahara pia. Wiki chache baadaye niliitwa ofisini nikapewa karatasi. Ilisema kwamba wafanyakazi wameshauriwa kupitia mjumbe wao, nao wameridhia. Sikuwa nimemshauri mtu yeyote. Sikuwa nimeita kikao hata kimoja tangu siku ile ya makofi. Nikatia sahihi.

Miezi ile mwenzangu mmoja, mwalimu wa hesabu, alikwenda kuwa saidia fundi hapa hapa Gahanga. Nilimkuta amebeba karai la zege. Akanisalimu kwa adabu, "Habari za nyumbani, mwalimu," nami nikashindwa kumtazama usoni. Shule zilipofunguliwa tena, wapo walioitwa kurudi na wapo ambao hawakuitwa.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu tangu wakati ule nimekuwa nikisoma na kuuliza jinsi wenzetu wa nchi nyingine wanavyofanya, na nimegundua kwamba wengi wetu tunayaelewa mambo haya kinyume.

Wengi tuna ndugu Uswidi, Denmark, Norwei au Finland. Walikwenda wakati wa ukimbizi, wengine kutoka Kongo, wengine kutoka kambi za Tanzania na Uganda. Wakipiga simu husema huku mwajiri hawezi kukufukuza hivi hivi, huku likizo ni likizo kweli. Sisi tunaosikiliza tunahitimisha haraka: ni nchi tajiri, serikali yao imewapa. Hapo ndipo tunapokosea. Hakuna hata nchi moja kati ya hizo, wala Iceland, yenye sheria ya bunge inayopanga kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wote. Mshahara wa chini wa mfagizi au mpishi umo katika mkataba wa hali bora, ambao chama cha wafanyakazi kimeuzungumza na chama cha waajiri na kutia sahihi. Uswidi, kati ya wafanyakazi 10, takriban 7 ni wanachama wa chama, na mikataba hiyo inawagusa takriban 9. Iceland wanachama ni wengi zaidi ya hapo.

Msomaji ataniambia, hao ni watu wapole, wamezaliwa wakikubaliana. Hapana. Mwaka 1899 waajiri wa Denmark waliwafungia milango wafanyakazi wao miezi mitatu na zaidi, mpaka pande mbili zikaketi mwezi Septemba na kuandikiana: ninyi waajiri mna haki ya kuongoza kazi, na sisi wafanyakazi tuna haki ya kuwa na chama na kuzungumza kwa pamoja. Uswidi, mwezi Mei 1931, askari waliwapiga risasi waandamanaji huko Ådalen, wakafa watu 5. Miaka saba baadaye, mwaka 1938, shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri walikutana katika hoteli moja huko Saltsjöbaden, karibu na Stockholm, wakaandika namna ya kuzungumza kabla ya kugombana. Nchi iliyokuwa inasifika kwa migomo ikawa inasifika kwa utulivu.

Finland wao walipigana wenyewe kwa wenyewe mwaka 1918, Wekundu ambao wengi wao walikuwa vibarua na wakulima wasio na ardhi, dhidi ya Weupe. Watu zaidi ya 30,000 walikufa, maelfu kati yao kambini baada ya vita. Silinganishi jambo hilo na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wala halilinganishwi. Ninachosema ni kwamba Januari 1940, taifa lile lilipokuwa limevamiwa kutoka nje, waajiri walitangaza kuwa wanakubali kuzungumza na vyama vya watu ambao miaka 22 nyuma waliwaona maadui. Hawakungoja wapendane kwanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa McDonald's, kampuni ya Marekani ya vyakula, kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani watauelewa kuliko mimi. Kampuni hiyo iliingia Denmark mwaka 1981, ikakataa kufuata mkataba wa hali bora wa hoteli na migahawa. Sheria haikuilazimisha. Wafanyakazi wake wengi walikuwa vijana wa kuja na kuondoka, hawakuwa na nguvu ya kugoma. Basi mwishoni mwa mwaka 1988 na mwanzoni mwa 1989 wafanyakazi wa sehemu nyingine wakaingilia. Makuli wa bandarini wakakataa kupakua makontena yake. Wapiga chapa wakakataa kuchapa vikombe na matangazo yake. Mafundi wakaacha kujenga migahawa yake, na madereva wakaacha kupeleka vyakula. Haikuchukua muda mrefu, kampuni ikakubali mkataba. Kuli aliyeacha kupakua hakuwa amewahi kukaanga chipsi pale. Lakini alijua leo ni wao, kesho ni mimi.

Hiyo ndiyo siri yenyewe, nayo haihitaji theluji wala mafuta ya Norwei. Mtu analipa ada kila mwezi, anahudhuria mkutano, anamjua mjumbe wake kwa jina, na mjumbe akiingia ofisini, mwajiri anajua nyuma yake kuna watu.

Ulaya yote haifanyi kwa namna moja. Wajerumani huchagua baraza la wafanyakazi mahali pa kazi, hata pale penye wafanyakazi 5 tu wakitaka, na tangu mwaka 1976 kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa nusu ya viti katika bodi ya usimamizi. Wafaransa wanachama wao ni wachache, takriban mmoja kati ya kumi, lakini mikataba hupanuliwa na serikali ikawafikia karibu wote. Kila nchi imekata nguo kwa kimo chake. Nasi tuna kimo chetu, ila kwanza tukubali jinsi tulivyofika hapa.

Mimi nilizaliwa na kusoma Kagera, Tanzania. Shuleni tulifundishwa habari za Rashidi Kawawa, "Simba wa Vita", katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955. Kabla yake, mwaka 1947, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma na mgomo ukasambaa bara. Vyama vile vilijengwa na watu wenyewe kwa senti zao, navyo vilisaidia kuleta uhuru. Lakini mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa, kikaundwa kwa sheria chama kimoja, NUTA, na katibu mkuu wake akawa mtu wa kuteuliwa na Rais. Baadaye kikageuka JUWATA, jumuiya ya chama tawala.

Baba yangu, aliyekuwa mlinzi wa ghala la kahawa, alikuwa na kadi ya JUWATA. Aliitunza ndani ya kopo la chai pamoja na karatasi zake za ukimbizi. Siku moja nilimuuliza kadi hii ni ya nini, akanijibu, "Ni ya kukatwa." Alijua anakatwa. Hakuwahi kujua anakatiwa nini.

Kwetu Rwanda mambo hayakuwa tofauti sana. CESTRAR, shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, lilianzishwa mwaka 1985 chini ya mfumo wa chama kimoja, likajitenga na chama hicho mwaka 1991. Leo lipo, na yapo mengine kama COTRAF na COSYLI. CESTRAR imo pia katika shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha. Lakini mazoea ya kopo la chai hayajatutoka. Tunadhani chama ni kitu kinachokuja kutoka juu kama tangazo, na mjumbe ni jina la kujaza fomu. Ndiyo maana nilipigiwa makofi nikaenda kunywa chai.

Sasa tazama sheria yetu inasemaje. Sheria ya kazi namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, inaruhusu mikataba ya hali bora, na inataka wafanyakazi wachague wawakilishi wao. Zaidi ya hayo, ukiwa na mgogoro na mwajiri, mlango wa kwanza ni mjumbe wa wafanyakazi, ambaye anatakiwa kujaribu kuwapatanisha. Akishindwa, jambo linakwenda kwa mkaguzi wa kazi wa eneo, na likishindikana huko ndipo linafika mahakamani. Sheria hiyo hiyo inasema mkataba wa mdomo hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Mwaka 2020 nilikuwa mimi ndiye mlango wa kwanza wa wenzangu, na sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa sheria hiyo. Mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni mimi.

Kuna mambo sheria peke yake haijayatimiza. Kima cha chini cha mshahara cha faranga 100 kwa siku kiliwekwa mwaka 1980, na kilidumu vitabuni kwa zaidi ya miaka 40, hata pale faranga 100 ziliposhindwa kununua andazi zuri. Kijana wa kando ya barabara analipwa zaidi ya hapo, lakini analipwa kwa hisani ya soko na si kwa haki anayoweza kuidai. Mwezi Agosti 2022 serikali ilipandisha mishahara ya walimu, asilimia 88 kwa walimu wa msingi wenye cheti cha sekondari na asilimia 40 kwa wenye diploma na shahada. Lilikuwa jambo kubwa na tulilishangilia. Lakini liliwahusu walimu wa shule za serikali na zile za ubia. Sisi wa shule za binafsi tulibaki kila mmoja na mwajiri wake, na kila mmoja akaenda kuomba peke yake. Unadhani tulirudi na nini?

Tena Januari 2025 mchango wa pensheni ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Huenda ni jambo jema kwa uzee wetu. Lakini nimewauliza walimu kadhaa kama kuna mtu aliyewaeleza au kuwasikiliza kabla, wakaniambia waliona kwenye karatasi ya mshahara. Mfanyakazi asiye na chama husoma habari zake mwenyewe mwisho wa mwezi.

Najua maneno ambayo watu hunijibu nikisema haya. La kwanza, "Mwalimu, hatuna fedha za ada." Hapana, ndugu yangu. Hapa Gahanga sijamwona fundi wala mama wa sokoni asiye na ikimina. Kila wiki anatoa, mvua au jua, na asipotoa anaona aibu. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi ni mabingwa wa kujaza kibaba. Tunachokosa ni imani kwamba fedha ya chama itarudi. Na hapo vyama navyo vina deni: vinatakiwa kutoa hesabu mbele ya wanachama kama mweka hazina wa ikimina anavyofungua sanduku mbele ya macho ya wote. Vyama vingi vya Afrika Mashariki vimesaidiwa na wenzao wa Denmark, Norwei na Uholanzi. Nashukuru. Lakini chama kinachoendeshwa kwa fedha za mbali kitaandika ripoti kwenda mbali, na kijana wa koleo hataisoma.

La pili, "Vyama ni fujo." Kwetu neno chama lina makovu, na sitamcheka mtu anayeliogopa. Lakini ninachokizungumzia hapa ni makubaliano, na makubaliano tunayajua vizuri. Kila mwaka viongozi wetu hutia sahihi imihigo: nitafanya hili, utanipima kwa hili. Mkataba wa hali bora ni imihigo kati ya mwajiri na wafanyakazi wake. Mwajiri naye anafaidika, kwa kuwa anajua mtu wa kuzungumza naye, na hashtukizwi na watu wanaotoroka kazini katikati ya zege kwa sababu ya kinyongo. Sihimizi mgomo. Waswidi walioandikiana mwaka 1938 ndio waliopunguza migomo.

La tatu ni la mama wa mpakani, na ndilo zito: "Mimi sina bosi, chama cha nini?" Mama, huna bosi, lakini kuna anayeamua saa ya kufungua mpaka, kuna anayepima mzigo wako, kuna anayekupangia nafasi sokoni, na kuna siku mpaka unafungwa. Gatuna ilifungwa Februari 2019 ikafunguliwa Januari 2022. Mipaka karibu yote ilifungwa kwa wapita njia mwaka 2020 kwa sababu ya korona. Burundi ilifunga mpaka wake na sisi Januari 2024. Walioathirika kwanza ni wale wa beseni kichwani, na wao ndio walioulizwa mwisho. Wengi mmo katika vyama vya ushirika, na ni vizuri. Ushirika unakusaidia mtaji na kununua kwa jumla. Lakini unahitaji pia watu wa kwenda kuzungumza na forodha na wilaya kwa niaba ya wote. Hapa Rwanda chama cha namna hiyo kwa watu wa sekta isiyo rasmi kipo, SYTRIECI, na kinashirikiana na wauzaji wadogo wa nchi nyingine kupitia StreetNet. Kuna utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000. Ni wangapi wanaujua? Aliye peke yake huambiwa habari hiyo na dalali, tena kwa malipo.

Na mafundi nao wana chama, STECOMA, ambacho kimewasaidia maelfu waliojifunza ufundi kazini bila kukaa darasani kupimwa na kupewa cheti cha ujuzi. Fundi mwenye cheti hahesabiwi kwa kidole dirishani. Huulizwa jina.

Lipo onyo moja ambalo sitalificha, na linatuhusu sisi tuliorudi kuliko watu wengine. Vyama vya huko Ulaya navyo vimekwama penye mgeni. Mwaka 2004 kampuni moja kutoka Latvia, iitwayo Laval, ilileta mafundi wake kujenga shule huko Vaxholm, Uswidi, kwa malipo ya chini ya yale ya Waswidi. Vyama vikaizingira kazi hiyo mpaka kampuni ikaondoka. Kesi ikafika mahakama ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2007 ikaamuliwa kwamba vyama vilivuka mipaka. Wapo wanaosema vyama vililinda mshahara, na wapo wanaosema vilimfukuza maskini wa nchi jirani. Mimi naona kila upande una ukweli wake, na dawa ilikuwa moja: mgeni aingizwe chamani, alipwe sawa na mwenyeji, na hapo hatatumiwa kushusha mshahara wa mtu.

Hapa Gahanga wapo mafundi kutoka Burundi na Kongo. Wapo wanaolipwa pungufu kwa sababu hawana pa kusemea, na wapo vijana wetu wanaowachukia kwa hilo badala ya kumwuliza anayelipa. Sisi tulioitwa wakimbizi, sisi ambao baadhi yetu walifukuzwa Kagera mwaka 2013 wakiacha ng'ombe na migomba, tunawezaje kumwambia mtu arudi kwao? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imempa mfanyakazi wa nchi mwanachama anayefanya kazi nchi nyingine uhuru wa kujiunga na wenzake na kuzungumza kwa pamoja kuhusu hali ya kazi, kwa kufuata sheria za nchi alipo. Nchi za kaskazini mwa Ulaya zilifungua soko lao la pamoja la kazi mwaka 1954. Sisi tumechelewa, lakini karatasi tunayo.

Na sisi tuliorudi tunajua thamani ya karatasi. Tunajua mtu anavyoweza kuulizwa mbele ya lori, "Cheti chako kiko wapi?" Basi kwa nini tukubali kufanya kazi miezi na miaka bila mkataba wa maandishi? Kwa nini tumtume mjumbe ofisini bila karatasi ya kikao inayoonyesha tulikubaliana nini?

Mambo ninayoomba ni madogo. Mahali pa kazi penu, muulize leo mjumbe wa wafanyakazi ni nani. Kama hamumjui, mna tatizo; kama ni wewe na hujaitisha kikao, una tatizo kubwa zaidi. Mumchague kwa kura na si kwa makofi. Asiingie ofisini kabla ya kukutana nanyi, na akitoka aje aseme alichosema na alichojibiwa. Kisha mtafute chama cha kazi yenu, mlipe ada kama mnavyolipa ikimina, na mdai hesabu.

Yule mtoto wa dada yangu nilimwambia aende awatafute wenzake kumi na watatu kabla ya mimi kushika kalamu. Aliwapata tisa. Tulikwenda kwa kiongozi wa umudugudu, kisha kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na fundi yule alipoona majina kumi yametiwa sahihi, simu yake ikawaka. Amelipa nusu. Nusu nyingine bado tunaifuatilia.

Ama yule mwenzangu wa hesabu, sasa anafundisha Bugesera. Mwaka jana nilimwendea nikamwambia habari ya ile karatasi niliyoitia sahihi. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, ungetuita tu. Hata kama tungeshindwa, ungetuita."

Katika shule ninayofundisha sasa tunachagua wajumbe muhula ujao. Nimeombwa nigombee tena. Nimejibu kwamba nitagombea tukishafanya kikao kimoja, wote, bila chai.